Lovina Kutz Moyer na Chupa Kumi na Mbili za Baba Yake

Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani wa Bonde la Sieger na nyote mliofika asubuhi hii, familia imenituma mimi, Verna, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu kabla hatujambeba, na ninaomba mnivumilie, kwa maana kaka yangu Elwood alitaka ukurasa mmoja tu, nami niliuandika huo mmoja ukaisha vizuri Jumapili jioni, lakini jana asubuhi kilitokea kitu uani kwetu kikanilazimu kuongeza. Mkoba huu niliouweka hapa mezani mniruhusu ubaki, una kazi yake mwishoni.

Marehemu Lovina Kutz Moyer alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 11 Machi 1931, katika nyumba ile ile ya mawe aliyofia, kando ya barabara ya kinu, hapa kaunti ya Berks, Pennsylvania, akiwa mtoto wa pekee wa Ammon Kutz, mkulima, na mkewe Carrie, naye alipokewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Savilla, ambaye wachache mliobaki mnamkumbuka kwa kofia yake nyeusi na kwa kutopenda utani.

Tarehe 2 Oktoba 1936, marehemu akiwa na miaka mitano na nusu, mama yake Carrie alifariki kwa ugonjwa wa kifua, na siku hiyo hiyo mchana Ammon alimshika mwanawe mkono, wakashuka ngazi kumi na moja hadi ghala la chini ya nyumba, inakohifadhiwa bia ya mizizi, hii yetu isiyolewesha, Mchungaji asinitazame hivyo, wakaifanya kazi ambayo kila nyumba ya bonde hili huifanya mtu akifa, yaani kugonga kila chupa mara tatu kwa kifundo cha kidole, kuiambia, "Carrie amekufa, mwenyewe sasa ni Ammon," na kuisogeza kidogo kutoka mahali pake, kabla jeneza halijaingia ardhini. Wazee walieleza desturi hii kwa namna mbili, wengine wakisema kinywaji kisichoambiwa huharibika, na wengine, kwa sauti ya chini, wakisema anayeambiwa hasa si kinywaji, ni yule aliyekuwa akikitengeneza, ambaye huwa hana habari kwamba amekufa, na asipoambiwa ataendelea na kazi yake.

Lovina mdogo alilielewa jambo hilo kwa masikio yake mwenyewe, kwa sababu asubuhi ile, mama yake akiwa ameshalazwa sebuleni, alikuwa bado anasikia ndara zake zikiburuzika jikoni, kutoka kwenye jiko hadi mezani na kurudi, na ilipogongwa chupa ya mwisho zilinyamaza, hakuzisikia tena maisha yake yote. Alikaa na hilo moyoni, mtoto wa miaka mitano, bila kumwambia mtu.

Marehemu alisoma katika shule ya chumba kimoja ya bonde hili kuanzia Septemba 1937 hadi Juni 1945, akamaliza darasa la nane akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kushona, lakini shule yake hasa ilikuwa kwa baba. Kila Mei, udongo ukishalainika, baba na binti walichimba mizizi ya msasafrasi ukingoni mwa msitu, wakaisugua kwa brashi hadi ikawa nyekundu, wakaongeza magome ya mbetula, mizizi ya yale magugu yenye maua ya njano, na majani madogo ya mlimani yanayonukia kama dawa ya kuchua, wakachemsha vyote kwa moto mdogo mpaka nyumba nzima ikanukia, wakachuja kwa kitambaa, wakatia sukari na molasi, wakasubiri ipoe hadi ikawa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo wakatia hamira, kidogo sana, wakajaza chupa na kuacha nafasi ya vidole viwili shingoni, wakaziba. Kisha Ammon alizibeba hadi uani akazilaza kiubavu juu ya nyasi, shingo zikielekea mashariki, zipate jua la asubuhi, na Lovina alipokuja kila nusu saa kuuliza kama zimeiva, alimjibu neno moja tu, "Bado." Alilisema kwa upole sana, na binti alilizoea hata akawa anakwenda kuuliza ili alisikie tu.

Mwaka 1944 sukari ilipatikana kwa kadi kwa sababu ya vita, na Ammon aliacha kutia sukari kwenye kahawa yake tangu Krismasi ili ikifika Mei iwepo ya kutosha chupa tisini na sita. Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Mei 1944, alizianika kwa zamu, akazirudisha chini, na zile kumi na mbili za mwisho, za kioo cha kahawia, zenye vizibo vya kauri vya kufunga kwa waya, akazipanga kwenye rafu ya pembeni peke yake, akapanda ngazi, akaketi kizingitini kuvuta pumzi, na hapo ndipo Bibi Savilla alipomkuta saa tano na nusu, mikono yake bado ina maji. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Siku ya mazishi, Jumanne tarehe 23, miguu ya Bibi Savilla ilikataa ngazi, na damu ya nyumba ile ilikuwa imebaki ya watu wawili tu, kwa hiyo alimwita mjukuu wake, akamsimamisha mbele ya mlango wa ghala.

"Shuka ukaziambie," alisema. "Zote, Lovina. Hata moja usiiruke."

"Na nikiiruka, Bibi?"

"Baba yako atazunguka na kazi kama punda wa kinu, siku zote, hana pa kuketi. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Haya, basi nenda, watu wanasubiri."

Alishuka, binti wa miaka kumi na mitatu mwenye gauni jeusi la kuazima, akagonga na kusema, akagonga na kusema, chupa themanini na nne, "Ammon amekufa, mwenyewe sasa ni Savilla," mpaka akafika kwenye rafu ya pembeni. Alipopanda, bibi yake alimuuliza kama amemaliza, akajibu amemaliza, akamuuliza kama ni zote, akajibu ni zote, na wakaenda makaburini.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili tarehe 20 Mei 1945, marehemu alitoka nje na ndoo ya maziwa, jua limeshachomoza, akazikuta chupa kumi na mbili za kahawia zimelala uani kiubavu, zimepangwa sawasawa kama meno, shingo zote mashariki, na nyasi zilizozizunguka zina umande mzima, hakuna alama ya mguu. Alisimama na ndoo yake. Bibi Savilla aliziona kutoka dirishani.

"Nani amezitoa hizo?"

"Mimi, Bibi."

"Jumapili? Siku ya Bwana unaanika chupa? Wewe mtoto umelaaniwa nini?" Na kwa kosa hilo alinyimwa pai wiki nzima, adhabu ambayo alituambia baadaye kwamba aliila kwa raha, kwa sababu alikuwa na jambo kubwa zaidi la kutafuna.

Tangu mwaka huo, kila tarehe 20 Mei, chupa zile zilitoka zenyewe, na kila tarehe 20 Mei marehemu aliamka kabla ya watu wa nyumbani, akazirudisha moja moja ndani ya aproni yake. Hazikuwahi kupasuka wala kuchacha, na miaka ilivyokwenda povu lilibaki shingoni kana kwamba zimezibwa juzi, jambo ambalo yeyote kati yenu aliyewahi kusahau chupa kwa miezi miwili tu anajua haliwezekani.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha soksi kuanzia Agosti 1946 hadi Aprili 1953, kisha akauza bia ya mizizi na mboga sokoni kila Ijumaa kwa miaka thelathini na miwili, na kuanzia Mei 1968 hadi Mei 2017 aliendesha darasa la wanaoanza kutengeneza bia ya mizizi katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, ambako wengi wenu mlioketi hapa mlipita mikononi mwake na kutukanwa naye. Alianza kila darasa kwa namna moja, mikono kiunoni. "Vyombo kwanza! Chupa ukiinusa ukasikia harufu ya jana, rudi ukaoshe. Hamira usiimwage kama unalisha kuku, kijiko cha chai kwa chungu kizima kinakutosha, wewe si mwokaji. Na chupa moja iwe ya plastiki, uwe unaiminya kwa kidole gumba, ikishakuwa ngumu kama goti langu, zote zipeleke baridini siku hiyo hiyo, usiniletee habari za kesho." Mwaka 1971 mwanafunzi mmoja, simtaji, yuko safu ya tatu na anacheka, alizisahau zake juani zikapasuka hadi dari ya banda, na tangu hapo marehemu aliongeza kitu chake mwenyewe, ambacho baba yake hakuwahi kukifanya, kwamba jua likishapanda juu ya paa la ghala la nafaka chupa zifunikwe kwa taulo la jikoni lililoloweshwa na kukunjwa mara tatu. Alitumia taulo moja tu miaka yote hiyo, la mistari ya bluu, lenye kiraka pembeni.

Mwishoni mwa darasa aliwafundisha kugonga. Wageni waliotoka mjini walicheka, naye aliwaacha wacheke, halafu akasema, "Haya, mmemaliza? Sasa gongeni."

Marehemu alifunga ndoa na Harvey Moyer Jumamosi, tarehe 14 Juni 1952, katika kanisa hili, kwa sharti moja tu, kwamba bwana harusi ndiye ahamie nyumba ya mawe, na Harvey, mtu mpole aliyependa kula, alikubali bila kuuliza sababu. Sababu aliipata Julai 1958, wakati wa kuvuna majani makavu ya mifugo, aliposhuka ghalani saa sita mchana kutafuta kitu baridi, na kwa haraka akashika moja ya zile za kahawia. Alipanda mikono mitupu, akanawa, akaketi, akala viazi vyake vyote, na alipomaliza akaweka uma.

"Lovina, kuna mwanamume kule chini?"

"Kwa nini?"

"Nimeshika chupa, mtu akaniambia bado."

"Akakuambia vipi? Kwa ukali?"

"Wala. Kwa upole tu. Bado, basi." Alitazama mikono yake. "Nikairudisha. Ungefanyaje?"

Marehemu aliinuka akaenda kusimama juu ya ngazi za ghala, akakaa pale muda mrefu akisikiliza, na Harvey alituambia mimi na Elwood, tulipokuwa wakubwa, kwamba siku ile alimwonea wivu mtu ambaye hakuwahi kumwona, kwa namna mkewe alivyokuwa akilia na kutabasamu kwa pamoja. Hakugusa rafu ile tena.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Elwood, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1953, na mimi, tarehe 27 Januari 1956. Mimi nilizaliwa na mdomo, kama mnavyojua, na Mei 1963, nikiwa na miaka saba, nilimfuata mama uani asubuhi nikamkuta anaokota chupa.

"Mama, hizo za nani?"

"Za babu yako."

"Babu si amekufa?"

Aliniziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu, hata jino likanikata mdomo ndani, na alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anautazama mlango wa ghala. "Wee! Usiseme hapa," alininong'oneza. "Sema kokote unakotaka, hapa usiseme." Nilimuogopa mama yangu siku ile, na ninasema wazi, nimemuogopa kidogo tangu hapo.

Harvey alifariki tarehe 9 Februari 1991 kwa kiharusi, na kabla hatujamzika mama alishuka akaziambia chupa zote za ghala, ila zile kumi na mbili aliziruka, akanieleza ngazini, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa, kwamba baba yake akisikia mtu amekufa nyumbani atauliza na wengine wako wapi, na maswali yakianza hayaishi.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Januari 2018, akalazwa mara tatu, maji yakawa yanajaa miguuni, na daktari wake alimwambia ukweli wote kwa heshima, naye akamshukuru na kumpelekea chupa sita. Lakini kilichomsumbua zaidi hakikuwa moyo. Mwezi uliopita, Jumatano tarehe 10 Aprili, mchana, aliniita kitandani akaniambia nifunge mlango.

"Verna, zile za babu yako hazitoki zote siku hizi."

"Umezihesabu?"

"Miaka saba iliyopita zilitoka kumi. Mwaka juzi nne. Mwaka jana moja, tena haikufika hata kwenye nyasi, niliikuta kizingitini, pale pale alipoketi." Alivuta pumzi. "Amechoka. Ni mzee kuliko mimi, na anapanda zile ngazi."

"Mama, ulikuwa mtoto. Uliogopa giza, kila mtu angeogopa."

"Giza gani? Taa nilikuwa nayo. Sikuogopa, Verna. Nilikataa." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Nilijua ukimwambia mtu anakwenda. Mama aliambiwa, akaenda. Nikasema baba simwambii. Nikamwacha afanye kazi miaka sabini na mitano ili mimi nisibaki peke yangu, na kila mwaka nasema mwaka huu nitashuka nimwambie, nashuka, nafika kwenye rafu, mdomo haufunguki. Nikifa nenda wewe. Ziambie zote habari yangu, na zile kumi na mbili uanze na yake. Niahidi."

Nilimuahidi. Mama yetu, Lovina Kutz Moyer, alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2019, saa kumi na dakika kumi jioni, mimi na Elwood tukiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka themanini na minane, miezi miwili na siku sita, na ameacha watoto wawili, wajukuu watano na vitukuu watatu.

Hapo ndipo ukurasa wa Elwood ulipoishia. Sasa nasoma huu mwingine.

Jumamosi, baada ya kupeleka nguo za mama kwa watayarishaji wa maziko, pamoja na taulo lake la mistari ya bluu, ambalo kwa mikono yangu nililikunja na kuliweka chini ya viganja vyake, nilishuka ghalani saa tano asubuhi. Chupa za kawaida niliziambia bila shida. Nikafika kwenye rafu ya pembeni, nikagonga ya kwanza mara tatu, nikasema, "Babu Ammon, umekufa. Lovina naye amekufa. Mwenyewe sasa ni Verna," na mbele ya macho yangu povu lililokaa shingoni miaka sabini na mitano likashuka taratibu, kinywaji kikatulia, na chupa ikawa nzito na baridi kama jiwe la mtoni. Ya pili hivyo hivyo. Nikafika ya kumi na moja, na wakati huo huo, juu jikoni, ambako hapakuwa na mtu, maana Elwood alikuwa stesheni akiwapokea wanawe, nikasikia bomba la maji linafunguliwa, halafu linafungwa, halafu kitambaa kinakamuliwa.

Ninyi nyote mnaujua ukamuaji ule wa mama. Mara mbili kwa nguvu, halafu mara moja kidogo.

Nilikuwa nimebakiza chupa moja. Nimesimama pale, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mstaafu wa jiko la shule, bibi wa watu, na mdomo wangu ukakataa kama ulivyomkatalia yeye. Nikaiacha. Nikapanda, jikoni hapakuwa na mtu, sinki lina maji, nami nikaketi nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi sana. Nikajiambia nitakuwa naye kidogo kila Mei. Kuna ubaya gani?

Jana Jumatatu ilikuwa tarehe 20. Niliamka kumekucha, nikatazama dirishani. Chupa moja ya kahawia ilikuwa imelala katikati ya uwanja, shingo mashariki, na juu yake kuna taulo la mistari ya bluu, limeloweshwa, limekunjwa mara tatu. Jua lilikuwa bado halijafika hata kwenye paa. Mama hajawahi kufunika mapema hivyo, alikuwa anaharakisha, kama mtu aliyegundua kwamba kazi ni nyingi na yuko peke yake na mzee asiyejiweza.

Nilimwita Elwood. Aliliangalia taulo, akalishika kile kiraka, akasema, "Verna, si tuliliweka ndani ya sanduku?" Nikamwambia ndiyo. Akasema tumuombe Mchungaji tufungue tutazame. Nikamwambia hapana, tukitazama tukalikuta halimo utafanya nini, na tukilikuta limo utafanya nini? Akaketi kwenye nyasi na suti yake. Halafu akasema neno ambalo lilinikata, akasema, "Mama amefanya kazi tangu ana miaka mitano."

Kwa hiyo, kabla sijamaliza, na kwa kuwa ni wajibu, familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa mwaka mmoja na miezi minne, hasa muuguzi aliyekuwa akija Jumanne na kukubali kuonja kila kitu, inawashukuru majirani waliokata nyasi zetu bila kuombwa, kikosi cha zimamoto kwa ukumbi na kwa uvumilivu wa miaka hamsini ya sakafu inayonata, wachuuzi wenzake wa soko la Ijumaa, wanafunzi wake wote, waliopasua chupa na wasiopasua, Mchungaji, na akina mama walioamka kuoka pai za zabibu kavu zinazotusubiri ukumbini baada ya makaburi. Hatuwezi kuwataja wote, tunaomba mpokee shukrani zetu hivyo hivyo.

Sasa mkoba. Elwood, nisaidie hapa. Hii ndiyo chupa ya kumi na mbili, povu lake mnaliona hata ninyi mlioko nyuma, na hili ndilo taulo, bado lina maji, ninaliweka juu ya jeneza lako, mama, upate cha kufutia mikono. Wale mnaojua kugonga mtanisaidia kuhesabu.

Moja. Mbili. Tatu.

Babu Ammon, umekufa. Ulikufa Jumamosi ile ile, kizingitini, na binti yako hakukuambia kwa sababu alikupenda, usimkasirikie. Mama, umekufa. Ni Ijumaa, mimi nilikuwa nimekushika mkono. Sikukuambia kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyewe sasa ni Verna, vyombo nitaosha, hamira nitapima, na jua nitaliangalia mimi.

Zimeiva, babu. Zote kumi na mbili. Mwachie mwanao taulo, mshike mkono, mpande pamoja.

Pumzikeni kwa amani.